Mzinga wa Königsberg na Sisi Watu wa Bara

Watu wa Katunguru hawahitaji kufundishwa habari ya maji. Mfereji wa Kazinga, ambao huyapokea maji ya Ziwa George na kuyatia katika Ziwa Edward, hupita chini ya daraja letu usiku na mchana. Mitumbwi ya wavuvi huondoka mwaloni jua likitua, ikaenda kutega ngege na semutundu, ikarejea alfajiri. Na viboko, ambao kwa insafu ndio wenyeji wa kwanza wa mahali hapa, hupanda usiku kula majani hata nyuma ya nyumba zetu, wala hawamtaki mtu idhini. Askari wa majini pia si wageni machoni petu, kwa kuwa boti za doria za Uganda huzunguka upande wetu wa Ziwa Edward na za Kongo upande wa pili, na mvuvi anayevuka mpaka asioweza kuuona huenda akalala mahabusi katika nchi isiyo yake. Lakini bahari ni habari nyingine kabisa. Kutoka darajani petu hata Kilindini, bandari ya Mombasa, ni mwendo upatao kilomita 1,500, na kwa sababu ya umbali huo imezoeleka katika Kasese na Bwera kudhani kwamba vita vya manowari vilikuwa shughuli ya wenye pwani na ya mataifa ya Ulaya, na kwamba mtu wa bara anayezuru makumbusho ya mambo hayo huenda kutazama ajabu za watu wengine. Nilikwenda Mombasa nikiwa na dhana hiyo kama wenzangu, na sura hii ni maelezo ya jinsi chuma kimoja chenye kutu kilivyoiondoa.

Safari yenyewe sitairefusha. Zamani ingewezekana kupanda gari la moshi Kasese, kwa maana reli ilifika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na shaba hiyo, baada ya kuyeyushwa Jinja, iliteremka kwa njia ya chuma hata bandarini Mombasa. Leo mataruma hayo yamefunikwa na majani, na msafiri hana budi kupanda basi hadi Kampala, apite mpaka wa Busia kwa kitambulisho chake cha taifa, apumzike Nairobi kama ana jamaa, kisha achukue treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Treni hiyo humshusha Miritini, nje ya mji, naye humalizia safari katika matatu yenye muziki wa kutosha kumwamsha maiti.

Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno waliianza mwaka 1593 kwa ramani ya mjenzi Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kuipa jina la Yesu, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari ya kale, na kuta zake ni nene kiasi cha kwamba mtu akisimama kivulini mwake saa sita mchana huhisi baridi ya pango. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696 hata Desemba 1698 ndipo wakaitwaa. Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895 hata 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Ingawa haikuwekwa makusudi kuwa makumbusho ya wanamaji, mgeni mwenye kutazama kwa makini huona kwamba karibu kila kilichomo kililetwa na bahari au kilipotezwa na bahari. Katika ukuta mmoja wanamaji wa Kireno, bila shaka katika siku ndefu za kungoja, walichora kwa makaa na udongo mwekundu merikebu, samaki, makanisa na watu, michoro ya mikono isiyo na ufundi mkubwa lakini yenye kuijua vema kamba na mlingoti. Katika chumba cha maonyesho vimepangwa vyombo vilivyoopolewa katika Santo António de Tanna, merikebu ya vita iliyoundwa Bassein, Bara Hindi, ambayo ilikuja kuwaokoa waliozingirwa na badala yake ikazama mbele ya Ngome mwaka 1697. Wazamiaji waliichimbua tangu 1977 hata 1980, wakapandisha vyombo vya kauri, vyungu, mzinga na vikorokoro vya mabaharia. Gofu lenyewe la merikebu wakalifunika tena kwa mchanga, kwa kuwa mbao zilizozoea maji kwa karne tatu huharibika upesi zikipigwa na upepo. Niliupenda uamuzi huo. Si kila kitu hupata heshima kwa kutolewa nje.

Lakini kilichonisimamisha hakikuwa cha Wareno. Katika eneo hilo la Ngome ipo mizinga miwili ya vita vya 1914, mmoja wa manowari ya Kiingereza Pegasus na mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg, maadui waliopigana kufa na kupona na ambao sasa wametiwa rangi na kupigwa na jua lile lile. Mzinga wa Mjerumani una mtutu wa urefu unaozidi mita 4, na kinywa chake, ambacho kipenyo chake ni milimita 105, ni kidogo kuliko alivyotazamia mtu aliyesikia sifa zake. Ngumi yangu iliingia, mkono wangu ukafuata hata kiwiko, na ndani niliigusa mifuo iliyozunguka kwa mwendo wa parafujo, ile inayoifanya risasi iende ikizunguka, imelika kwa kutu hata imekuwa kama gome la mti. Kijana mwenye kuongoza wageni alinisogelea kwa adabu za kwao.

"Shikamoo, mzee wangu. Watoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Natoka Uganda, kule mpakani na Kongo."

"Huko hakuna bahari."

"Hakuna. Huu ulifikaje kuwa na magurudumu, nilivyosoma? Nani waliuvuta?"

Akautazama mzinga, akanitazama mimi. "Waliuvuta watu, mzee," akasema, akaenda kuwapokea Wazungu waliokuwa wakingoja langoni. Jibu lake lilikuwa sahihi, na kwa kweli maandishi mengi ya vita hivyo hayakuongeza sana juu yake.

Königsberg ilishushwa majini Kiel mwaka 1905, ikawa na mizinga 10 ya namna hii na mabaharia zaidi ya 300, na ilipotia nanga Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914 wenyeji, waliokuwa hawajaona chombo cha namna yake, waliiita Manowari na Bomba Tatu kwa sababu ya dohani zake. Vita vilipotangazwa mwezi wa Agosti ilikuwa tayari imo baharini, ikaikamata merikebu ya biashara ya Kiingereza iitwayo City of Winchester karibu na Oman, ikiwa imesheheni chai. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliivizia Pegasus bandarini Unguja, wakati mafundi walipokuwa wakisafisha mitambo yake na moto umezimwa, ikaipiga kwa mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kujibu. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi ya wengi wao yako katika kisiwa cha Chapwani, mkabala wa Mji Mkongwe. Hapo ndipo Waingereza walipoapa kuitafuta Königsberg.

Ilijificha katika milango ya mto Rufiji, mahali ambapo mikoko ni mingi na njia za maji hazikuwa katika ramani za adui, na kwa muda wa miezi minane manowari kubwa zilikaa nje zikiilinda bila ya kuweza kuingia, kwa kuwa maji ya mto hayakuwa na kina cha kuzibeba. Dawa yake ilikuwa vyombo viwili vya tumbo bapa, Severn na Mersey, ambavyo, kwa bahati ya dunia, viliundwa Uingereza kwa agizo la serikali ya Brazili ili vifanye kazi katika mito ya Amazoni, vikashikwa na Waingereza vita vilipokaribia. Vikakokotwa kutoka Malta hata pwani yetu, na ndege kutoka kisiwa cha Mafia zikawa zinaruka juu ya mikoko na kuwaambia wapiga mizinga risasi imeanguka wapi. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. La tarehe 11 lilifaulu. Nahodha Max Looff, baada ya kuona kwamba chombo chake hakiponi, aliamuru kilipuliwe na watu wake wenyewe, nacho kikaketi matopeni.

Wasimulizi wengi wa habari za bahari huufunga mlango hapa. Mimi naona hapa ndipo habari inapoanza kuwa yetu. Mizinga yote 10 ilitolewa katika manowari iliyozama nusu, ikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, na katika karakana za reli ikatengenezewa magari ya kuibeba, kisha ikasambazwa katika majeshi ya Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani. Tafadhali msomaji ufikirie maana ya jambo hilo. Chombo cha chuma chenye kupimwa kwa tani, kilichofanywa ili kikae juu ya sitaha na kugeuzwa na mabaharia, kinavutwa kwa kamba katika msitu, mchanga na matope ya masika, mahali ambapo ng'ombe hawaishi kwa sababu ya mbung'o na motokaa hazipo. Hakuna nguvu nyingine iliyobaki ila mabega ya watu, na watu hao walihitajiwa kwa mamia kwa kila mzinga, wakilala njiani, wakila walichokipata au wasile. Mmoja wa mizinga hiyo uliharibiwa Kahe, chini ya Kilimanjaro, mwezi wa Machi 1916. Mwingine ulisafiri hata Kigoma ukatiwa katika Graf von Götzen, meli ambayo leo huitwa MV Liemba. Manowari iliyokufa Rufiji iliendelea kupigana kwa miaka miwili mingine juu ya vilima, mbali na maji ya chumvi, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu Waafrika waliigeuza kuwa kitu cha kutembea.

Na upande wa pili hali haikuwa bora. Waingereza na Wabelgiji waliandika wapagazi kwa mamia ya maelfu katika Kenya, Uganda, Kongo na Tanganyika yenyewe, na makumi ya maelfu hawakurudi, aghalabu si kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Kutoka Uganda kilitolewa kikosi cha wapagazi kuwahudumia Wabelgiji mwaka 1916 katika safari iliyoishia Tabora mwezi wa Septemba, na watu wa nchi za ndizi na hali ya baridi, wakilishwa mahindi yasiyoiva katika nchi ya ukame, walikufa njiani kwa wingi wa kutisha. Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, imesimamishwa sanamu ya mpagazi pamoja na za askari, nayo ni heshima. Lakini manowari ina jina, nahodha ana jina, hata chombo cha mto cha Brazili kina jina, ilhali mpagazi yule wa shaba nyeusi ni mpagazi tu.

Nilipokuwa nikitafakari hayo ndipo nilipokumbuka kwamba mzinga mwingine wa Königsberg umewekwa Jinja, mbele ya kambi ya jeshi, mahali ambapo mabasi yetu ya Kampala na Busia hupita kila siku, na wa tatu uko Pretoria mbele ya majengo ya serikali. Mtu wa Katunguru hupita karibu na ndugu wa mzinga wa Mombasa akiwa amelala kitini.

Baada ya mizinga, mgeni huenda akataka kuona nyambizi, chombo cha vita kiendacho chini ya maji, lakini Mombasa haipo. Mwenye shauku ya kuingia tumboni mwa chombo hicho, akiwa na safari ya India kwa masomo au matibabu kama walivyo wengi wa Uganda siku hizi, na afike Visakhapatnam, ambako nyambizi Kursura, iliyoundwa katika Urusi ya Kisovieti na kulitumikia jeshi la India tangu 1969 hata 2001, imevutwa juu ya mchanga wa pwani na kufunguliwa kwa wageni tangu 2002. Urefu wake ni mita 91, na mabaharia wapatao 75 waliishi humo katikati ya mabomba na magurudumu ya shaba, wakipita kutoka chumba hata chumba kwa milango ya duara ambayo mtu hana budi kuinamisha kichwa na kunyanyua mguu kwa wakati mmoja. Kazi yake ni rahisi kueleza na ngumu kuivumilia: chombo hujaza maji katika matangi yake ili kizame, huyasukuma nje kwa hewa iliyoshindiliwa ili kiibuke, juu ya maji huendeshwa kwa mitambo ya dizeli ambayo pia huchaji betri, na chini ya maji, ambako dizeli haina hewa ya kupumua, huendeshwa kwa betri hizo. Silaha yake kubwa ni topido, kombora ambalo huogelea lenyewe.

Hata hivyo Mombasa ina haki kubwa ya kuzungumza habari ya nyambizi, kwa maana mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), Waingereza walizihamishia Kilindini manowari zao za Bahari ya Hindi, na mwishoni mwa Mei mwaka huo nyambizi za Kijapani zikaingia hata bandari ya Diego Suarez huko Bukini (Madagaska) na kuijeruhi manowari kubwa Ramillies. Katika Shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari, waliketi watu waliosikiliza simu za upepo za Wajapani na kujaribu kuzifumbua siri zake. Wazee wa Uganda watalitambua jina hilo: Allidina Visram ndiye tajiri wa Kihindi ambaye maduka yake yalienea kutoka pwani hata bara letu mwanzoni mwa karne ya 20, na shule hiyo ni kumbukumbu yake. Nilisimama nje ya lango lake jioni moja, wanafunzi wakitoka kwa makelele, na hapana kilichoonyesha kwamba pale penye madawati pamewahi kuwindwa vyombo vya chini ya maji kwa penseli na karatasi.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano uliondoka Kilindini kuelekea Ceylon. Katika mojawapo, Khedive Ismail, walipakiwa watu zaidi ya 1,500, na kundi kubwa kupita yote lilikuwa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari waliokuwa wakipelekwa katika vita vya Burma. Pamoja nao walikuwamo wanawake wauguzi na watumishi wa jeshi la majini. Alasiri ya Jumamosi tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Askari wetu wengi walikuwa chini ya sitaha. Mtu anayejua jinsi ngazi ya meli ilivyo nyembamba hana haja ya kuelezwa zaidi. Walikufa watu 1,297, na kati ya wanawake 83 waliokoka 6.

Yaliyofuata ni mazito kuyahukumu. I-27 ilikuwa imejificha chini, na waliookoka walikuwa wakielea juu yake wakishika mbao. Manowari Petard na Paladin, ambazo zilijua kwamba nyambizi ikiachwa itaziua na meli nyingine nne zilizosheheni watu, zilirusha mabomu ya kina mahali pale pale, na mshindo wake ndani ya maji huua aliye majini kama unavyompasua aliye ndani ya nyambizi. Nyambizi ililazimika kuibuka, ikapigwa, na hatimaye topido ya Petard ikaizamisha. Mimi si baharia, wala sikuwa na maisha ya watu elfu kadhaa mkononi mwangu siku ile, kwa hiyo sitamlaumu nahodha. Lakini sikubaliani na waandishi wanaolitaja jambo hili kwa sentensi moja kisha wakaisifu shabaha. Habari yenyewe ilifichwa na serikali wakati wa vita, na jamaa nyingi katika vijiji vya Afrika Mashariki hazikujua ila kwamba kijana wao alikwenda Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, na hakurudi.

Kwa hiyo naona kwamba makumbusho ya vita vya bahari, yawe Mombasa au Visakhapatnam, yanatuhusu kwa haki ya damu na jasho, si kwa ukarimu wa wenye pwani, na mtu wa bara asiingie humo kwa woga wa mgeni. Hukumu yangu juu ya Ngome ni kwamba imeutunza mzinga vizuri na imeieleza manowari vizuri. Waliouvuta mzinga bado hawajaelezwa, na upungufu huo hauwezi kutimizwa na wenye makumbusho peke yao, kwa sababu majina hayako kwao. Yako kwetu. Katika nyumba za Kasese, Bwera, Katwe na Katunguru zimo nishani, vyeti vya Keya na picha za vijana waliovaa kofia za askari, na wapo wajukuu wanaokumbuka babu alipelekwa upande gani na nani alirudi naye. Ewe msomaji uliye na kitu cha namna hiyo, usikiuze kwa mnunuzi wa vyuma wala usikiache kuliwa na mchwa: andika jina la mtu, kijiji chake, mwaka aliochukuliwa na kazi aliyopewa, kisha peleka nakala moja katika Makumbusho ya Uganda huko Kampala, na nyingine, utakapojaliwa kuteremka pwani, mpe mkononi mkuu wa Ngome ya Mombasa.